Ubao wa Kuotea Jua

Kilichoninyima usingizi ni benchi. Wenzangu niliomaliza nao chuo walikuwa wakikesha kwa ajili ya usaili na barua za kuomba kazi. Mimi nilikuwa nikijigeuza kitandani, nikijiuliza kama inafaa kuweka benchi kando ya kaburi la baba yangu ili mama apate mahali pa kuotea jua.

Nyumba yetu iko upande wa mlima unaochelewa kupata jua, njia ya kwenda Gare. Mwezi wa saba ukungu hulala uani mpaka watu wamekwisha kunywa chai, na hata ukiondoka, kivuli cha mikaratusi ya jirani hubaki. Ndani, sakafu ya saruji inauma miguu. Ni sehemu moja tu ambayo jua huifikia mapema na kutulia: nyuma ya jiko, ukingoni mwa shamba, panapotazama bonde. Baba alipajua kabla sijazaliwa. Asubuhi za baridi alitoka na kikombe chake, akageuza ndoo, akaikalia, akaongea na yeyote aliyepita njiani. Aliongea kuhusu bei ya kabichi, kuhusu mvua, kuhusu vijana walioiharibu kwaya kwa vinanda vyao. Asipopita mtu aliongea na mama, aliyekuwa jikoni akiitikia kupitia dirishani huku akigeuza kuni.

Niliporudi nyumbani kusubiri ajira aliniomba kitu kimoja. Alikuwa na ubao mpana wa mgrevilea aliokuwa ameuhifadhi stoo kwa miaka mingi. Alitaka niutengeneze uwe benchi, kwa sababu mgongo wake ulikuwa umechoka na ndoo. Alisema yeye hana benchi na mimi sina kazi, kwa hiyo tunafaana.

Nilifurahi sana, na hapo ndipo nilipoharibu. Nilianza kuangalia picha za mabenchi kwenye simu. Niliona yenye maegemeo na yasiyo na maegemeo, yaliyopakwa rangi na yaliyoachwa na rangi ya mti. Niliupima ubao, nikachora mstari wa penseli mahali pa kukata. Kesho yake nikafikiri benchi litakuwa fupi, nikachora mstari mwingine. Nikawaza miguu ya mbao italiwa na mchwa. Nikawaza mvua. Nikawaza kwamba nikikosea kukata, ubao mwingine kama ule hatutaupata. Baba alikuwa akipita stoo, anachungulia, anaona mistari imeongezeka.

"Mwanangu," aliniambia siku moja, "huko chuo mlifundishwa kupima tu? Kukata hamkufika?"

Tulicheka wote wawili. Yeye akaenda kugeuza ndoo yake.

Alifariki masika, baada ya kuugua kifua kwa muda mfupi. Wazee wa ukoo walipokaa kuamua pa kumzika, walitaja sehemu mbili au tatu shambani. Walipomuuliza mama, alinyoosha mkono tu na kusema, "Pale anapootea jua." Hakuna aliyebisha. Nilisimama nyuma ya wanawake nikiwaza ubao uliokuwa stoo, na mistari yangu.

Baridi iliyofuata ndiyo iliyonitesa. Mama alikaa jikoni karibu na moto, akikohoa kwa moshi, wakati jua lilikuwa hatua chache tu nje ya mlango. Nilijaribu kumpendezeshea ndani. Nilishona pazia kwa kitenge kilichobaki, nikatandika mkeka pale sakafu inapouma zaidi, nikaleta kutoka bondeni yale maua meupe yanayoota penye maji na kuyapanda kwenye madebe ya mafuta ya kula, moja kila upande wa mlango. Aliyapenda maua. Lakini asubuhi moja nilitoka kuchukua kuni nikamkuta nyuma ya jiko, kando ya kaburi, ameikalia ile ndoo, ana karai la maharage mapajani, anaongea Kishambaa polepole. Aliponiona alinyanyuka haraka, kama mtoto aliyekutwa anaiba sukari.

Baba mdogo naye alikuwa amekwisha kumwona. Yeye ndiye mkubwa wa ukoo sasa, na anaishi nyumba ya chini yetu. Jumapili alipita baada ya ibada, akasema bila ukali kwamba watu watadhani tumegeuza kaburi kuwa baraza. Tangu hapo mama hakutoka tena. Ndoo ilirudi jikoni na kikohozi kikarudi.

Nilianza kuwaza upya, kama kawaida yangu. Ningemuudhi baba mdogo. Ningemuumiza mama kwa kumkalisha karibu na msiba kila siku. Labda hata benchi lenyewe lilikuwa la kunituliza mimi. Mwisho nilimuuliza mama tukichambua mboga: je, ukikaa pale, huzuni haizidi?

Aliendelea kuchambua. "Miaka yote ile baba yako ndiye aliyekuwa anaongea," alisema. "Sasa ni zamu yangu. Na pale kuna joto, mama."

Asubuhi iliyofuata niliteremka kwa baba mdogo. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza kama kazi imepatikana. Nilimwambia bado. Kisha nikamwambia kwamba leo ninaweka benchi la baba mahali alipolitaka, na mama atakaa hapo. Nilikuwa nimejiandalia majibu mengi. Aliegemeza jembe lake ukutani, akasema, "Uangalie mawe yasicheze."

Niliutoa ubao stoo. Mistari ya penseli ilikuwa bado ipo, mingine nimeifuta na kuichora tena mpaka mti umeng'aa. Sikuukata popote. Nilipanga mawe bapa pande mbili kando ya kaburi, chini ya ukuta wa jiko, kwa sababu mawe hayaliwi na mchwa, nikaulaza ubao juu yake, nikaukalia, nikautikisa. Haukucheza. Nilichukua sponji ya godoro la zamani, nikaivisha kitenge kile cha pazia, nikaiweka. Madebe ya maua niliyahamisha kutoka mlangoni hadi kando ya benchi. Kazi yote iliisha kabla chai haijapoa, kazi ambayo baba aliisubiri mpaka akaondoka.

Mama alikuja na karai lake. Alikaa mwishoni kabisa, upande wa kaburi, ingawa ubao ulikuwa mrefu wa kutosha watu watatu. Aliegemea ukuta wa jiko, akafumba macho, jua likampiga usoni.

Nilimwacha. Nilichukua ile ndoo, nikaenda nayo bombani kuchota maji.