Ukungu Haiuwi Mutu

Kwetu tunakula ukungu, na anayeona kinyaa shauri yake. Wanawake wa kijiji cha Lurujo humenya muhogo, huurundika na kuufunika majani mpaka uote manyoya, kisha hukwangua, huanika na kutwanga. Ugali wake una utamu ambao muhogo mtupu hauna. Mama mkubwa wangu, dada yake mama, aliyeolewa huko, alikuwa fundi wa kazi hiyo. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo lililommaliza.

Kazi yangu mimi nayo ni ukungu. Katika maabara yetu ya Manibe, nje ya Arua, tunauotesha kwenye visahani, na hatuuui. Zamani ilibidi kuusaga na kuuloweka kwenye dawa ndipo ujue una kemikali gani. Siku hizi mrija mwembamba kama unywele unadondosha tone juu ya ukungu ulio hai, unalinyonya tena, na mashine inapima uzito wa kila kitu kilichoyeyuka humo. Kwenye kioo vinasimama vilima, kila kilima na kemikali yake. Ukungu unaendelea kuota, na kesho unauonja tena. Naipenda kazi hii, siwezi kudanganya.

Basi mke mwenza wa mama mkubwa akafiwa na mwanawe, kijana mzima, macho ya manjano, tumbo limejaa maji. Mume wa wanawake hao wawili alikuwa amekwisha kufa, na kijana alizoea kula kwa mama mkubwa. Mama wa marehemu akasema ametiliwa, yaani mama mkubwa amemwekea sumu chakulani. Neno hilo likishatamkwa kwetu, mjane hana tena mlango. Wazee wa ukoo walisema wangemfukuza mara moja, ila wamesikia kwamba binti ya dada yake anayo mashine inayoona sumu. Wakanikabidhi karanga kutoka ghala la mama mkubwa, zile alizomlisha kijana. Zikiwa safi, abaki. Zikiwa na sumu, atoke.

Karanga zile zilikuwa na ukungu wa kijani kibichi. Nikauotesha, nikauonja siku baada ya siku. Mwanzoni kimya, nikaanza kupumua. Kisha kilima kikasimama pale pale pasipotakiwa. Ni sumu ambayo ukungu wa karanga huitengeneza wenyewe, na ini la mtu haliiwezi. Karanga zilivunwa kwenye mvua na kufungiwa mbichi, basi. Lakini Kiswahili chetu kinasema sumu kwa ya panya, sumu kwa ya nyoka, na sumu kwa ile mtu anayokununulia ng'ambo ya mpaka ili akuzike. Neno moja tu, na roho ya mama mkubwa ilikuwa imelikalia.

Nikajiona mjanja. Nikarudi Lurujo, nikaomba karanga za kila nyumba katika boma lile, hata za mke mwenza. Kila ukungu niliouotesha ulitoa kilima kile kile, na wa mke mwenza ukapanda kuliko wote. Nikacheka peke yangu mbele ya mashine. Nani sasa atasema mtu mmoja ndiye mwenye kosa?

Siku ya kikao nilibeba visahani vyangu, nikaeleza polepole. Mzee mkubwa wa ukoo alivitazama kwa adabu, hata akanusa kimoja. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

“Mutoto yangu,” akasema, “ukungu sisi nakula toka babu. Ukungu haiuwi mutu. Mutu ndiyo nauwa mutu.”

Nikamwambia ukungu si mmoja, huu si ule wa muhogo. Nikatoa silaha yangu ya mwisho: sumu hii iko kwa nyumba zote, hata ya mama wa marehemu. Nilidhani nimeshinda, mjinga mimi. Kisha mke mwenza akainuka taratibu.

“Mumesikia,” akasema. “Ametilia sisi wote.”

Walimvunjia mama mkubwa vyungu kimoja kimoja, bila haraka. Wanawake aliowafundisha kufunika muhogo ndio waliotoa nyasi za paa lake. Tuliondoka kwa pikipiki mbili za boda, godoro likitangulia, na watoto wa boma wakatupigia miluzi hadi barabarani. Karanga zake wakagawana. Walisema sumu imeondoka na mwenyewe.

Sasa anaishi kwangu Koboko. Hakulilia nyumba. Alinisikia vizuri siku ile, pengine yeye peke yake, na kilichomkosesha usingizi ni mjukuu wa mke mwenza, anayeanza kutafuna. Akanituma niwaambie wazitupe zile karanga. Nilimwambia awaache wazile, wafe nazo. Akanipa nauli, nikapanda boda.

Mke mwenza nilimkuta mbele ya jiko, anakaanga zile karanga, mtoto mapajani. Nikamfikishia ujumbe neno kwa neno. Akaita majirani kwanza, wakaja, ndipo akanijibu.

“Rudia, na hawa wasikie. Kumbe leo mwenyewe amekubali alitilia.”

Kisha akapuliza karanga moja ipoe, akaimenya ganda, akamtilia mtoto kinywani.