Bi harusi wetu alitoka malengelenge akiwa kwenye singo, nikamtuhumu somo wake

Wakuu, heshima zenu, na nyinyi mnaosoma kimya kimya bila kuchangia nakusalimuni pia. Haya sikuhadithiwa. Yamenikuta mie, hapa hapa Mji Mkongwe, na wallahi sitii chumvi.

Kwanza mjue tabia yangu. Mie ni mtu wa kushuku. Chai ikinikaa vibaya tumboni, nauliza nani kaipika. Mume wangu ananiita askari kanzu.

Mdogo wangu Latifa alikuwa anaolewa na kijana wa Paje. Kwetu bi harusi huwekwa ndani siku saba, anasingwa. Kwa msiojua, singo ni mchanganyiko wa maua, liwa, karafuu na marashi, anasuguliwa nao mwili mzima mpaka ngozi inang'aa. Anayemsinga ni somo wake, mwanamke mtu mzima aliyemfunda.

Somo wa Latifa ni Bi Rukia, jirani wa mama mtaa wa Malindi, hapa hapa mjini. Kusinga maharusi ndiyo kazi inayomuweka mjini.

Sasa sikilizeni. Huyo bwana harusi, kabla ya kumposa Latifa, aliwahi kutajwatajwa kwa binti wa Bi Rukia. Halikufika popote. Wote walishasahau, isipokuwa mie.

Siku ya nne ya singo, asubuhi, mama kanipigia simu analia. Latifa ana homa tangu jana, kifua na mgongo vimejaa vipele vya maji.

Nafika, nakuta usoni navyo vinaanza. Mtoto wa watu anajikuna huku analia, "Dada, ntatokaje mbele za watu hivi?"

Mie macho yote kwenye bakuli la singo. Nikanusa. Nikaona kama lina harufu ya kitu chengine. (Halikuwa nacho, ila ukishashuku hata pua inakufuata wewe.)

Bi Rukia akaingia. Shikamoo sikumpa. Nikamuuliza, "Umetia nini humu?"

"Nimetia ninachotia siku zote, mwanangu. Huyu mpelekeni hospitali, hii si ya singo."

"Na wewe umejuaje kama si ya singo?"

Nikalibeba bakuli, nikashuka nalo ngazi, nikalimwaga mlangoni majirani wanaangalia. Nikasema kwa sauti kwamba mwanamke huyu ana husda, kila mwenye bi harusi amchunge wake. Sikutosheka, nikaandika na kwenye grupu la ukoo.

Kabla ya adhuhuri nshasikia nyumba mbili zimemkatalia kazi. Nikafurahi, Mungu anisamehe.

Hospitali tukaonana na daktari mwanamama. Alimtazama Latifa kidogo tu. "Tetekuwanga."

Nikabisha. Hiyo si ya watoto? Akasema mtu mzima ambaye hakuugua utotoni anaipata, na mara nyingi inamlemea zaidi. Ni kirusi, antibaiotiki haikigusi. Akampa dawa ya virusi kwa kuwa tumewahi, panadol ya homa, na losheni ya muwasho. Aspirini hapana. Akae chumba chake mpaka vipele vyote vikauke vigaga, na wajawazito wasimsogelee.

Mie bado sijakubali. "Na kama mtu katiliwa kitu kwenye singo?"

"Singo imeanza lini?"

"Siku nne."

"Ugonjwa huu unakaa mwilini siku kumi mpaka ishirini na moja ndipo ujitokeze. Wiki mbili tatu nyuma alikuwa na nani mwenye malengelenge?"

Wakuu, hapo nikamjua ni nani. Kuna jambo sijakuambieni.

Wiki mbili nyuma mie nilikuwa na mkanda wa jeshi. Malengelenge kutoka ubavuni mpaka mgongoni, yanawaka kama nimemwagiwa mafuta ya moto. Na mnajua mitaani wanavyosema ukitoka mkanda: huyo tayari, ana ule ugonjwa. Nikaona aibu, nikaficha. Hata mume nilimwambia mdudu kanipitia.

Latifa alikuja kukaa kwangu siku tatu tukishughulikia nguo za harusi. Naye nilimwambia ni mdudu, na yeye ndiye aliyekuwa akinipaka dawa mgongoni, kwa vidole vitupu. Kanga tukichangia.

Nikamwambia daktari kwa sauti ya chini. Akasema mkanda na tetekuwanga ni kirusi kimoja. Ukiugua tetekuwanga utotoni hakiondoki, kinalala kwenye mishipa ya fahamu, mwili ukichoka au umri ukienda kinaamka. Mkanda unaweza kumpata yeyote aliyewahi kuugua tetekuwanga. Lakini maji ya yale malengelenge yakimgusa asiyewahi kuugua, anatoka tetekuwanga. Ningefunika tu, nikatumia nguo zangu peke yangu, nisingemwambukiza. Akanishauri na kupima nijue hali yangu, nikapima.

Harusi ikasogezwa. Latifa alipopona akagoma kusingwa na mtu mwengine ila Bi Rukia.

Nikaenda kwake. Nikakaa chini kwenye mkeka, nikamweleza yote, mkanda, uongo wangu, mpaka majibu ya kipimo, nalia. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekusamehe. Lakini kunitukana umenitukana mlangoni, msamaha unaniomba chumbani. Nitakuja kumsinga mdogo wako siku utakayosema haya mbele ya wale wale."

Siku mbili nzima nilimchukia upya.

Siku ya singo chumba kimejaa wanawake. Nikasimama. Nikapandisha dera mpaka mbavuni, makovu ya mkanda yote wakayaona. "Aliyemtia Latifa maradhi ni mie. Bi Rukia hana kosa, nilimsingizia."

Nikaona wawili wananong'onezana, na nnajua walichokuwa wakisema. Bi Rukia akavuta kibao, akakaa, akaanza kazi yake.

Funzo nililopata, ukiona malengelenge mwilini nenda hospitali, na waambie unaokaa nao. Mie nilificha niwakwepe wenye midomo, akaungua mdogo wangu, akaungua na mama wa watu.

Haya, uwanja wenu. Mwenye kunisema aniseme, na aliyewahi kuficha mkanda kwa aibu aje atoe yake. Ila msiniulize majibu ya kipimo changu. Wanayajua mume wangu na Bi Rukia, basi.