Musimbi na Mashine ya Ndani

Musimbi wa chama cha maziwa cha Kapseret ana ugonjwa mmoja: hawezi kuona mgeni amekaa mikono mitupu. Ukifika dirishani kwake ni chai kwanza, maswali baadaye. Mwezi uliopita aliona wakulima wanavyochoka kusubiri zamu kwenye benchi, akachukua chaki akaandika password ya wifi ukutani, juu ya birika. Wakambariki sana. Kumbe alikuwa anajichimbia shimo.

Kazi yake ni kompyuta. Programu ya kupokea maziwa pale ni ya kale, kompyuta mpya haiitaki hata kuisikia. Mashine kuukuu ilipokufa miezi mitatu iliyopita, mwenyekiti Mzee Kipchumba alitoa kitabu chake cheusi kabatini, akasema turudi kwa kalamu. Musimbi akamsihi ampe wiki moja. Akaiunda upya ile mashine ya zamani ndani ya kompyuta mpya, mashine usiyoweza kuishika kwa mkono, akaiunganisha na mtandao kwa njia ya daraja ili iwe na anwani yake yenyewe, kama jirani mwenye geti lake. Mizani ya nje huitafuta kwa anwani hiyo. Mzee alikubali shingo upande: siku lori la kuchukua maziwa litakapofika na mizani imekwama, ni kitabu, na hadithi ya mashine iishie hapo.

Alhamisi stima ilipotea alfajiri, ikarudi. Saa kumi na mbili na nusu Wamalwa, mpimaji, akaweka mtungi wa kwanza. Mizani haikuona mashine. Lori huja saa moja.

Mzee Kipchumba alikuwa ameshafika, maana hakuna anayemtangulia pale. Kitabu kilikuwa kwapani.

"Nifungue ukurasa, Musimbi?"

"Bado, Mzee. Nipe dakika chache."

Aliogopa, tena sana. Miezi mitatu ya jasho ilikuwa inaondoka na lori hilo. Kwanza akaliacha daraja, akaifanya mashine itoke mtandaoni kupitia mgongo wa kompyuta mpya. Intaneti ikaja. Basi mashine ni nzima, ila ikibebwa hivyo mizani haiwezi kuiona. Akarudisha daraja, akahakikisha limefungwa kwenye kebo na si kwenye wifi. Liko sawa. Mashine ikaomba anwani, ikangoja, ikakosa.

Akafungua orodha ya router, kile kisanduku kinachogawa mtandao. Router ile hugawa anwani thelathini tu, na zote zilikuwa zimeisha, kwa simu za benchi na za watu wa boda boda wanaoegemea ukuta. Stima iliporudi simu ziliwahi, na mashine yake, ambayo huchelewa kuamka, ikakuta sufuria imekwanguliwa. Kikulacho ki nguoni mwako. Akatafuta ile anwani ya mashine, aone ni nani aliyeichukua. Simu ya Mzee Kipchumba.

Angeweza kutangaza. Benchi lote lingecheka mpaka maziwa yagande. Lakini Musimbi aliitoa ile simu kimyakimya, akaiwekea mashine anwani yake iwe yake daima, kisha akasema kwa sauti, "Kosa ni langu, Mzee. Niligawa password kama chai."

Nje Wamalwa akaita, "Imesoma! Kilo kumi na nane!" Lori lilikuwa linapiga kona.

Mzee alikuwa anagonga gonga simu yake. "Mbona yangu imekatika?"

Musimbi akamsogelea. "Ndiyo ilikuwa imekalia kiti cha mashine," akanong'ona. "Nimeiinua."

Mzee akatazama benchi, akatazama ukuta. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," akawaambia watu, akaifuta password kwa kiganja chake mwenyewe. Kisha akaingia ofisini, akarudisha kitabu cheusi kabatini, akafunga, na ufunguo akampa Musimbi.

"Hiyo password mpya," akasema polepole, "mimi utaniandikia kwa karatasi."