Mlima Ambao Mama Yao Hakuufikia

Mke wangu alifariki mwisho wa kiangazi, tukamzika hapa hapa London. Binti yetu alikuwa na miaka saba, na mdogo wake wa kiume ndiyo kwanza ameanza shule. Likizo ya Februari ilipokaribia, binti yangu alirudi nyumbani kwetu Kingsbury na picha aliyoichora darasani: mlima mweupe wa theluji na watu wanateleza juu ya mbao. Shoga yake wa dawati moja alikuwa anakwenda huko na wazazi wake. Aliibandika kwenye mlango wa friji, wala hakuniomba kitu.

Dada yangu alipopiga simu kutoka Unguja nikamwambia nafikiria kuwapeleka kwenye theluji. Mimi niliondoka Unguja mtoto, pamoja na wazazi, baada ya mapinduzi; yeye alikuwa ameshaolewa, akabaki.

"Walete nyumbani," alisema. "Huko kwenye barafu wana nani?"

Tulikuwa tumetoka kwake miezi michache tu nyuma, baada ya mazishi. Kila nyumba tuliyoingia, kina mama waliwavuta watoto mapajani wakawalilia, kwa mapenzi kabisa, mpaka mwanangu akawa akisikia hodi anajificha nyuma ya mlango. Nilitaka kuwapeleka mahali ambapo hakuna mtu aliyemjua mama yao.

Nikaenda kwenye duka la wakala wa safari, barabara kuu. Msichana wa pale alinionyesha mji mkubwa wa milimani, Ufaransa, wenye nyumba ya kulelea watoto tangu asubuhi hadi jioni. Alisema nitapata muda wangu mwenyewe. Nikamwambia muda wangu mwenyewe ninao, tele. Akauliza kama mama yao naye atahitaji mafunzo ya kuteleza.

"Mama yao hayupo," nikasema.

"Atawafuata baadaye?"

Nikasema hapana, nikakusanya vitabu vyake vya picha, nikatoka.

Vile vitabu vilikaa juu ya meza ya kulia siku nyingi. Kila ukurasa ulikuwa na baba, mama na watoto wawili, wote wamevaa miwani ya jua. Aliyenisaidia kuchagua ni jirani yetu, mama wa Kihindi mjane, mzaliwa wa Mombasa, ambaye tangu msiba hakuacha kutuletea chakula Ijumaa. Theluji yenyewe alikuwa akiiona barabarani tu, na akiichukia. Mimi nilikuwa nasoma urefu wa milima na sifa za hoteli. Yeye alivuta kiti, akaniuliza mambo mengine.

"Mmoja akitaka choo na mwengine yuko mlimani, utafanyaje? Mmoja akishikwa na homa, wa pili atakwenda na nani?"

Basi tukaanza kuondoa. Tukauondoa ule mji wa Ufaransa, maana kutoka tutakapolala hadi kwenye theluji ni kupanda basi, nami nitakuwa nimebeba mbao za kutelezea na viatu vya watu watatu. Tukaondoa pengine palipokuwa juu mno kwa watoto wadogo. Tukaondoa hoteli moja nzuri ambayo darasa lake la kuteleza halikupokea watoto wa umri wa mwanangu. Kikabaki kijiji kidogo cha Austria, picha zake hata hazivutii. Uwanja wa wanaoanza ulikuwa chini ya nyumba ya wageni, na masomo yakiisha adhuhuri.

"Hapa," akasema. "Ukisimama dirishani utawaona."

Nikamwomba aje nasi. Nilisema kwa utani, lakini nilikuwa nataka kweli. Akasema magoti yake hayamruhusu, kisha akaanza kukusanya sahani zake.

Tukaenda. Asubuhi mwalimu aliwachukua watoto, na wazazi wakasimama wawili wawili kwenye uzio. Mimi nilishika kamera ili mikono iwe na kazi. Mwanangu alianguka, akainuka, akaanguka tena, na kila akiinuka alinitazama kuona kama bado nipo. Chakula cha jioni cha kwanza tulikuta sahani nne mezani. Mhudumu akaiondoa moja kimya kimya. Kesho yake zikawekwa tatu, na hizo tatu ziliniuma zaidi.

Adhuhuri moja nilikuwa nimepiga magoti sakafuni, namvua binti yangu vile viatu vigumu. Akaniuliza kama mama aliwahi kufika hapa. Aliuliza kwa Kiingereza, lugha aliyonijibia kila kitu.

"Hakuwahi," nikasema.

Akafikiri kidogo. "Ndiyo maana hapa simtafuti."

Nikaendelea kuhangaika na kile kiatu, maana kifungo chake kilikuwa kimeganda. Yeye alishatazama dirishani, akisema mdogo wake leo ameteleza mpaka chini bila kushikwa, je, nilimwona? Nikasema nilimwona. Walipolala wote wawili mchana huo, wamechoka, mashavu mekundu, nilikaa kwenye kiti karibu na kitanda. Nilikuwa na habari nyingi za kumwambia mtu.

Tuliporudi London dada alipiga simu, akauliza kama watoto walifurahi. Nikamwambia walifurahi sana, na mdogo sasa anajua kuteleza kuliko mimi.

"Na wewe?" akauliza.

Nikamwambia theluji ilikuwa nyingi.