Merikebu Iliyokataa Kuingia Darasani

Ko, ko, ko. Ni vidole vya mwalimu wetu wa Kiswahili vikipiga makasia juu ya meza, na mpaka leo nikinyamaza kidogo navisikia. Nyinyi mliosoma hapa Gisenyi miaka ile, kabla simu hazijaingia kila mfuko, mnaijua Ijumaa saa ya mwisho: mvua imetoka kunyesha, sweta zinanuka moshi wa jikoni, tumbo linawaza viazi na maharage. Mwalimu anafunga daftari, anatusimulia lile shairi refu la Wagiriki wa kale, la mfalme aliyemaliza vita akataka tu kurudi kwake, bahari ikamkatalia miaka na miaka. Akisema "wakavuta makasia," darasa zima tunagonga madawati.

Mwalimu alikulia Tanzania, Kiswahili chake kimenyooka kama shati la Jumapili. Chetu kilikuwa cha hapa kwetu. Siku moja rafiki yangu Denise akamuuliza, "Mwalimu, huyu mufalme alikosa jeto?" Jeto ndicho kile kikaratasi cha kuvukia mpaka kwenda Goma. Mwalimu alicheka mpaka akatafuta kiti.

Mwisho wa muhula akatupa kazi: kila kundi litengeneze kitu kutoka kwenye shairi, na siku ya wazazi mmoja asimame akisimulie. Kundi letu likapata merikebu. Msimulizi nikawa mimi, eti kwa sababu naota macho wazi. Nilifurahi sana, na nilitaka kitu kimoja tu: mama anione. Mama alikuwa anavusha karoti kwa beseni pale mpakani, Petite Barrière, na siku ya wazazi hakuwahi kufika hata mara moja.

"Mama, mara hii nitasimama mbele."

"Ni muzuri, mwana wangu. Lakini mi nitaingia mu klasi na hii miguu ya matope?"

"Hakuna mutu atakuangalia miguu."

"Wataangalia. We simama tu vizuri."



Merikebu tuliijenga nyuma ya nyumba ya kina Denise, Mbugangari, siku nne nzima. Tulichonga vigogo vya migomba, mikono ikawa myeusi kwa utomvu ambao sabuni haiuwezi. Sasa, sisi tumekua tukitazama ziwa. Mitumbwi ya kuvulia sambaza, vile vidagaa vya ziwa letu, tunayoijua ni mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti, na miti mingine mirefu imechomoza mbele na nyuma kama ndevu za kambale. Basi na mfalme tukamfungia mitatu. Hakuna aliyewaza kwamba chombo cha kwenda mbali kinaweza kuwa kimoja.

Asubuhi ya siku yenyewe tuliibeba watu wanne kupita barabarani. Dereva mmoja wa moto, yaani pikipiki, akapunguza mwendo. "Eh, ba patron, munaenda kuvua?"

"Tunaenda Ugiriki," Denise akajibu.

"Iko mbali kuliko Sake, kule kupita Goma?"

"Kidogo."

Tulipofika shuleni, haikuingia mlangoni. Tukaigeuza ubavu, tukaisimamisha, tukaipeleka dirishani, wapi. Ndani wazazi wameshakaa na vitenge vyao vizuri. Mwalimu akatoka, akaitazama kwa muda.

"Watoto wangu, merikebu ya mfalme ilikuwa chombo kimoja. Mbona hapa viko vitatu?"

"Kimoja kitapinduka, Mwalimu," nikasema.

Denise akataka tukate miti. Nikaishika kwa mikono miwili. Ukikata hata mti mmoja, mitumbwi yote mitatu inaachana. Machozi yalikuwa karibu. Mwalimu akageukia darasani: "Wazazi wapendwa, tutoke nje na mabenchi."

Basi nikasimulia uwanjani, juu ya yale mawe meusi ya volkano, kando ya uzio wa barabara. Nilikuwa nimefika pale mfalme anapoiona pwani ya kwao kwa mbali, nikaona juu ya uzio beseni la karoti, na chini yake mama. Alikuwa njiani kwenda mpakani. Amesimama. Nikapaza sauti ili barabara nayo isikie. Nilipomaliza watu wakapiga makofi. Mama hakuweza, mikono yake ilikuwa imeshika beseni. Alinyanyua kidevu kidogo, akaendelea na safari.

Mwezi uliopita mdogo wangu naye kapewa kazi ya namna hiyo. Kafungua simu, katafuta picha, kachapisha: chombo kimoja, tanga jeupe, kinakunjwa na kuingia mfukoni. Kamaliza kabla chai haijapoa. Nilimsifu, maana ni kizuri kweli, na mlango wowote kitapita. Ila asubuhi alipokwenda nacho shule, hakuna hata mtu mmoja njiani aliyemuuliza anakwenda wapi. Kwa hilo namhurumia, ingawa yeye hajui kama kuna cha kuhurumia.

Siku ile yetu, wenzangu walibaki uwanjani wakinywa fanta. Mimi niliteremka peke yangu mpaka Petite Barrière, mahali ambapo sikuwahi kwenda bila mkubwa. Nikasimama upande wanakotokea akina mama wanaorudi, nikatazama uso mmoja mmoja, jua likahama kutoka bega hili mpaka lile. Alipotokea, hakuuliza nafanya nini pale. Nikanyoosha mikono, nikampokea beseni.