Siku Tuliyokwenda Kuhani Granada

Jumanne asubuhi niliarifiwa kwamba yule mwenye duka la nguo na ubani kule Burnsville amefariki dunia. Wasomaji wengi wa safu hii walimjua, maana alikuwa akianza kumsalimia mteja kabla hajafunga mlango wa gari lake. Hatukuwa marafiki wa kutembeleana. Yeye alikuwa Mwislamu wa Mombasa. Mimi ni Mkristo wa Tanzania, mtunza bohari hapa Eagan, Minnesota. Kilichotuunganisha ni safari moja, na naona ni haki niieleze kama ilivyokuwa.

Binti wa marehemu kaka yake alikuwa anaolewa Granada, Hispania, alikokwenda kusoma. Baba hayupo, babu hayupo. Ami ndiye walii, msimamizi wa kumwozesha, na bila walii ndoa haifungwi. Alinifuata mimi kwa kuwa alisikia nimejifunza Kihispania peke yangu kwa kanda za maktaba. "Wewe utasema, mimi nitaozesha," aliniambia. Nikapiga chapa ratiba: ndege mbili, basi moja, kufika saa tisa alasiri, ndoa saa kumi na moja. Nilitenga na dakika ishirini za dharura.

Tulifika saa tisa kamili. Jambo la kwanza tuliloliona Granada ni kwamba haikuwa na watu. Maduka yamefungwa, madirisha yameshushiwa vifuniko, jua linawaka juu ya mtaa mtupu. Kando ya barabara kulikuwa na michungwa, na machungwa yamedondoka chini bila wa kuyaokota. Nilikuwa nimesoma kwamba huo ndio wakati wao wa kupumzika baada ya chakula cha mchana. Kabla sijamweleza, mwenzangu aliweka sanduku chini.

"Hapa pana msiba," akasema. "Tena si mdogo. Mji haufungwi hivi kwa mtu wa kawaida."

"Wamelala, mzee."

"Mji mzima? Saa tisa?" Akanitazama kwa huruma. "Ndugu yangu, wewe umesoma sana."

Kona iliyofuata ikampa ushahidi. Nje ya mlango mmoja walikaa watu wanane vitini, wote wamevaa nguo nyeusi, hawasemi. Walikuwa wahudumu wa mkahawa wakingoja zamu ya jioni. Orodha ya vyakula ilining'inia juu ya vichwa vyao. Nilimwonyesha ile orodha. Akajibu kwamba hata waliofiwa hula. Kisha akawapa mkono mmoja mmoja, akianza na mkubwa wao, akavuta kiti cha tisa, akaketi na kuinamisha kichwa.

"Waambie tumesikia," akaniagiza.

Kanda zangu zilikuwa na somo la stesheni, la hoteli na la daktari wa meno. La msiba halikuwamo. Nikasema nilichoweza: sisi wageni, tumetoka Minnesota, tunasikitika. Wahudumu wakatazamana. Yule mkubwa akashukuru kwa adabu na kutuletea maji. Tukakaa. Ilipofika saa kumi na moja na robo niliomba simu ya mkahawa, nikampigia bibi harusi.

"Ami yuko wapi? Shekhe ameshafika."

"Yuko msibani."

"Msiba wa nani?"

"Bado haujajulikana."

"Mwambie kwamba shekhe ataondoka saa kumi na mbili u nusu. Na mchumba wangu kesho anapanda meli, kazi ya miezi sita. Ami asipofika leo, sina ndoa."

Nilifikisha ujumbe neno kwa neno. Mzee alitikisa kichwa na hakuinuka. "Mtu haondoki msibani bila kujua nani amefariki. Uliza."

Niliuliza, kwa aibu. Wahudumu wawili walicheka. Yule mkubwa hakucheka. Alisema mama yake alifariki wakati wa baridi. Alimzika Jumamosi, Jumapili akawa kazini, na hakuna aliyewahi kuja kuketi naye. Akaanza kusimulia. Mama alikuwa mshonaji, hakupenda vitunguu, aligombana na kasisi. Mimi nilielewa nusu. Mzee hakuelewa hata neno, na alisema "Innalillahi" kila palipostahili.

Tuliondoka saa kumi na mbili na robo kwa gari la mhudumu huyo, ambaye hakukubali tupande kwa miguu kilima cha kwenda harusini. Shekhe alikuwa mlangoni, viatu mguuni. Akavivua tena. Ndoa ilifungwa kwa dakika tisa, nilizipima.

"Ami," bibi harusi akasema, "umechelewa harusi yangu kwa msiba wa mtu usiyemjua."

"Sasa namjua," akajibu, akauliza chakula kiko wapi.

Kwa miaka mingi nimekisimulia kisa hiki ili watu wacheke, kwa sababu kila hoja ya mzee ilikuwa na kosa na kila hoja yangu ilikuwa sahihi. Sasa sina hakika usahihi wangu ulimfaa nani. Huku tuliko, mtu akifiwa tunapiga simu kwanza, tunauliza siku gani itamfaa, tunalinganisha zamu, tunatuma kadi. Jirani yangu wa ghorofa moja alifiwa na mume mwaka juzi. Kutoka mlango wangu hadi wake ni hatua kumi na moja. Nilingoja siku nzuri ya kwenda, mpaka akahama. Mzee alikosea mlango na akamkuta mfiwa. Mimi mlango niliujua.