Kichwa cha Maduhu

Maduhu alikuwa na kichwa kikubwa, hata mvua ikimkuta njiani mbuzi watatu walijikinga chini ya kofia yake. Anayebisha hakuiona hiyo kofia. Lakini habari yangu ni ya mke wake mdogo, Nyanjige, jirani yangu hapa nje ya Bariadi.

Nyanjige alitolewa ng'ombe wa mahari mwaka ule wanunuzi binafsi walipoanza kugombania pamba yetu. Mwanamke wa kazi, mdomo mkali. Misimu michache tu, mumewe akaanza kusahau. Akasahau njia ya lambo, akasahau ng'ombe wake, mwisho akamuuliza Nyanjige, "Wewe mayu, mama wa watu, ni wa kwa nani?" Alipofia hospitali kubwa Mwanza, mganga Ngeleja akapasua kuku, akatazama matumbo, akasema mke mdogo ndiye aliyemla mzee akili kwa uchawi.

Miaka ile neno hilo liliua watu. Wanaume wakaanza kunoa mishale. Nikamhamishia Nyanjige kwangu, nikalala mlangoni na mchi.

Daktari Constantine wa hospitali ile alikuwa amemwomba Masunga, mwana mkubwa wa marehemu, ruhusa ya kuuchunguza ubongo. Ukoo ukakataa: mzee ataendaje kwa wahenga na kichwa kitupu? Masunga akaja kwangu, hajui ashike lipi.

"Kuku hakumjua baba yako," nikamwambia, "na mmempasua. Si mumpasue mwenye habari mwenyewe?"

"Bibi, unatania maiti?"

"Na huyu aliye ndani mwangu, unataka naye awe maiti?"

Akaenda kutia dole gumba kwenye karatasi ya daktari.

Kumbe ubongo haukatwi ukiwa laini. Hulowekwa kwenye dawa wiki kadhaa, ugande. Maduhu tukamzika, tukangoja. Kila jioni wanaume walipita mbele ya ua wangu wakikohoa, tujue wapo. Nyanjige hakutoka hata kuvuna. Pamba yake ikaanza kudondoka.

Daktari alipofika, kijiji kizima kilijaa uani.

"Ubongo umenywea kama karanga iliyokaukia kwenye ganda," akasema. "Kwenye darubini umejaa madoa. Ni ugonjwa wa kusahau, huwapata wazee."

"Na nani aliutuma?" Ngeleja akauliza.

Watu wakaguna. Mshale mmoja ukapandishwa kwenye upinde.

"Habari za kutuma sizijui. Ninachojua, madoa haya hujikusanya polepole. Yalianza miaka kumi au zaidi kabla mzee hajasahau chochote."

Masunga akainuka. "Miaka kumi? Mayu Nyanjige tumemtolea ng'ombe juzi hapa. Wakati huo alikuwa msichana, anachunga mbuzi kwao Bukundi. Baba hata hakumjua."

Upinde ukashushwa. Ngeleja akaanza kutafuta fimbo yake.

"Rudi nyumbani, mayu," Masunga akasema.

Nyanjige akatokeza mlangoni. "Sirudi. Kwanza wenye mishale wote wakavune pamba yangu."

Wakavuna. Yeye akakaa kwenye tuta, akiwaonyesha kila kitumba walichokiruka.